Re: Miche ya mihogo ya maabara ni GMO?
Mkuu, hapana. Miche hiyo ya maabara, ile ya kwenye chupa, wanakata ncha changa ya shina na kuiotesha maabara bila kugusa jeni (vinasaba), lengo ni mche usio na virusi. GMO ni mmea ulioingizwa jeni maabara. Kenya waliidhinisha muhogo wa hivyo 2021 dhidi ya ugonjwa wa virusi wa michirizi ya kahawia. Kwetu Tanzania majaribio ya mahindi ya GMO kule Makutupora, Dodoma, yalisimamishwa 2018. Inaniuma sana, maana ugonjwa huo huku Misungwi, Mwanza, unatumaliza: unang'oa muhogo wenye majani mazuri tu, ukikata ndani ni madoa ya kahawia, makavu, hauliki wala hauuziki.

Ila mche safi siyo mche sugu. Inzi weupe wakileta virusi shambani, unaugua vilevile. Ulizia kituo cha utafiti wa kilimo Ukiriguru aina inayovumilia ugonjwa huo kabla hujalipia miche.