Namna ya Kuiondoa SMF Kwenye Diski Bila Kuzima Mfumo

Kijana mmoja anayejifunza z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu (kompyuta kubwa za IBM), kaniandikia. Kapewa kazi ya kuhamisha diski za zamani, na zote zimetoka isipokuwa moja. Kila akiandika V 8A10,OFFLINE, amri ya kuitoa diski hiyo, konsoli (skrini ya kuuamuru mfumo) inamwambia ombi limepokelewa, linasubiri. Siku ya pili bado linasubiri. Bosi wake kamwambia angoje Jumapili, mfumo uzimwe na kuwashwa upya.

Ushauri huo naujua. Huku Marekani ninakofanya kazi niliambiwa hivyo hivyo mwezi uliopita, tena mbele ya watu, na mtu ambaye hajagusa konsoli miaka mingi. Nikanyamaza, nikaandika D U,,ALLOC,8A10,1. Amri hii inakutajia nani kaishikilia diski. Jibu likaja na jina moja tu: SMF.

SMF ndiyo karani wa meinfremu. Kila kazi inayopita inaandikiwa rekodi ya aina ya 30, na kila RACF, mlinzi wa mfumo, inapomzuia mtu asiingie pasipomhusu, inaandikwa ya aina ya 80. Faili zake, zile SYS1.MANX na wenzake, hazifungwi mfumo ukiwa hai. Ni mpangaji: hatoki mpaka umwonyeshe chumba kingine.

Basi nikatengeneza faili mpya kwa IDCAMS, programu ya kutengenezea faili, kwenye voliumu (diski) nyingine, nikazipa majina mapya, kisha nikaandika SMFPRM, yaani mipangilio inayoitajia SMF faili zake, yenye faili za zamani na mpya pamoja. SET SMF ili mipangilio hiyo ianze kutumika, halafu I SMF ili uandishi uhamie faili nyingine. Ile ya zamani ikageuka DUMP REQUIRED, yaani inahitaji kumwagwa: rekodi zake zinakiliwe kwingine. Hapo ndipo wengi wanapokimbilia kufuta. Subiri! Mwaga kwanza kwa IFASMFDP, programu ya kunakili rekodi hizo, hakikisha nakala imekamilika, ndipo usafishe. Rekodi za SMF zikipotea hakuna pa kuziokota, na wakaguzi hawataki hadithi.

D SMF, amri ya kuonyesha hali ya faili hizo, ilipoonyesha kwamba faili za zamani zote ni tupu na inayoandikwa ni mpya, nikaweka SMFPRM ya pili, yenye mpya peke yake. SET SMF tena. Diski ikatoka mchana kweupe, watumiaji wakiendelea na kazi zao.

Kwenye ripoti iliyopanda juu, jina langu halikuwemo. Nimesamehe, ila sijasahau.

Vijana, nawaambia hivi: msikubali kuwasha mfumo upya kuwe dawa ya kila ugonjwa. Uliza kwanza nani kashika. Soma jibu. Uliza tena. Anayejua kuuliza konsoli hahitaji kupiga kelele kwenye mkutano, na sisi tuliotoka kwetu kuja kushindana huku hatuna anasa ya kubahatisha. Narudia: mwaga kabla ya kusafisha, na usiondoe jina lolote kwenye SMFPRM kabla D SMF haijakuonyesha kwamba faili ni tupu.

Halafu usiifanye kazi hii mwisho wa mwezi. Mishahara na ufungaji wa hesabu hutoa rekodi nyingi mno. Faili zikijaa zote kabla hujazimwaga, utaona ujumbe wa IEE366I, SMF ikianza kujilimbikizia rekodi kwenye kumbukumbu ya muda, na nayo ikijaa inafuata IEE979W: data inapotea.