Maswali yenu: safari ya kijiji cha Langtang, Nepal

Niliposimulia juu ya Langtang, kijiji cha wafugaji wa yaki (ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu), watu wenye asili ya Kitibeti, kaskazini mwa Kathmandu, wengi mliniuliza mtafikaje. Gari litakufikisha mji mdogo wa Syabrubesi. Kuanzia hapo ni miguu. Nimechagua maswali machache.

Nimefika kilele cha Uhuru mara mbili. Langtang ina mita 3,430 tu. Kuna la kuogopa? (Moshi)

Lipo, ndugu yangu. Ni kweli kijiji hicho kiko chini kuliko kambi ya Horombo ya Kilimanjaro yenye mita 3,720. Lakini mwili hauweki akiba. Ukishakaa Moshi wiki chache, mazoea ya hewa nyepesi yamekwisha, na Himalaya utaianza upya kama mgeni mwingine yeyote.

Shida ya njia hii ni siku ya pili. Wengi hutoka Syabrubesi, kwenye mita 1,500 hivi, wakalala kituo kiitwacho Lama Hotel, karibu mita 2,400, kisha kesho yake wakapanda moja kwa moja hadi Langtang. Hiyo ni karibu mita 1,000 kwa siku moja, na usiku ndipo kichwa kinapoanza kugonga. Mimi nasema ongeza usiku mmoja Ghoda Tabela, kituo kilichoko katikati, kwenye mita 3,000 hivi. Siku inayofuata lala Langtang, kisha kijiji cha juu yake, Kyanjin Gompa, kama mita 3,870, ukae huko usiku mbili. Ukipita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku.

Kichwa kikiuma na chakula kikakukataa, usipande tena mpaka upone. Ukianza kuyumba kama mlevi, au kukosa pumzi hata umekaa, shuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na usishuke peke yako. Vidonge vya acetazolamide husaidia mwili kuzoea, muulize daktari wako kabla ya safari, ila havichukui nafasi ya kushuka. Ile "pole pole" ya wapagazi wa Kilimanjaro ifunge mzigoni.

Naweza kwenda mwenyewe bila kiongozi? Na viza? (Nairobi)

Tangu tarehe 1 Aprili 2023 serikali ya Nepal inataka mgeni anayetembea maeneo kama haya awe na kiongozi mwenye leseni. Viza utaipata ukishuka uwanja wa ndege wa Tribhuvan, Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Kata bima inayolipia uokoaji wa helikopta, na usome maandishi madogo uone inafika mita ngapi. Rupia za kutosha zichukue Kathmandu, maana bondeni hakuna mashine ya kutolea pesa.

Mwezi gani mzuri? (Tanga)

Oktoba na Novemba, anga ni safi. Machi hadi Mei kuna maua. Juni hadi Septemba ni masika yao: maporomoko ya ardhi na ruba. Epuka.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini? (Zanzibar)

Wali na dengu na mboga, asubuhi na jioni, na sahani huongezwa. Mayai na viazi vipo, na Kyanjin wanatengeneza jibini ya maziwa ya yaki. Nyama iache. Desturi ya bonde hairuhusu kuchinja, kwa hiyo nyama utakayoiona imebebwa na watu kutoka bondeni chini kwa siku kadhaa. Kibla kiko magharibi.

Nimesikia kijiji kilifukiwa. Si vibaya kwenda kutalii penye msiba? (Bukoba)

Swali hili limenigusa. Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko kubwa liliangusha barafu na mawe kutoka mlimani, kijiji chote kikafunikwa isipokuwa nyumba moja iliyokingwa na jabali. Walikufa zaidi ya watu 200, wenyeji na wageni. Waliobaki walirudi, wakajenga kando ya kifusi.

Nenda, dada. Nyumba za wageni ndiyo riziki yao, na chumba wanakupa kwa bei ndogo wakitegemea utakula hapo hapo. Kwa hiyo usibebe chakula chako kutoka mjini. Ukifika kwenye kifusi, usipige picha za kujionyesha. Kuta za mawe yenye maombi zipite ukiziweka mkono wako wa kulia. Aliyefiwa usimchokonoe kwa maswali. Akianza mwenyewe kusimulia, weka simu chini umsikilize.

Nitaongea na watoto nyumbani? (Dodoma)

Utaongea, ila mtandao hukatika, waage vizuri ukiwa Syabrubesi. Na kumbuka saa: Dodoma ikiwa saa sita mchana, Langtang ni saa tisa kasorobo.