Kabla Hujakubali Kubebwa

Mwezi uliopita mdogo wangu anayeishi Ufaransa alinipigia simu saa tatu za usiku, nikiwa nakaanga sambaza, wale samaki wadogo, jikoni kwetu Himbi, akanieleza kwamba kocha wa bintiye anataka kumtoa katika mashindano ya mtu mmoja mmoja na kumtafutia kijana wa kuteleza naye kwenye barafu kama jozi. “Dada, wewe ulibebwa miaka saba. Mwambie mtoto huyu ukweli,” alisema. Mimi sijawahi kukanyaga barafu, na hapa Goma wengi wetu tunaijua ile ya kwenye glasi tu. Lakini kuanzia 2006 hadi 2013 nilifanya sarakasi ya watu wawili, nikisimama juu ya mabega na viganja vya mwenzangu katika ua wenye sakafu ya saruji iliyomwagwa juu ya mawe ya volkeno ya 2002, na niliyojifunza pale yanamhusu binti yetu, pamoja na vijana wa hapa wanaotaka kazi ya namna hiyo.

Kwanza ajue anachoombwa. Katika mchezo wa jozi, mwanamume humnyanyua mwenzake juu ya kichwa huku miguu yake ikiendelea kuteleza kwa kasi. Humrusha hewani, akazunguka na kudakwa kiunoni kabla ya kugusa chini. Na mara nyingine humtupa mbali, naye akatua peke yake kwa mguu mmoja, juu ya chuma chembamba. Watazamaji hudhani kwamba anayenyanyua ndiye anayefanya kazi. Anayebebwa akilegea hata kidogo huwa mzito kama gunia la makaa, na mkono ulio chini yake huanza kutetemeka. Kwa hiyo tumbo, mgongo na shingo yake vinafanya kazi tangu anapoondoka chini hadi anaporudi. Hatari nayo haigawanywi sawa, kwa maana anayeanguka kutoka juu ni mmoja.

Kuhusu kumchagua mwenzi, watu huuliza urefu, nguvu na umri. Mimi huuliza anafanya nini siku mambo yanapoharibika. Mwenzangu alikuwa hodari na mpole, na kabla ya kuninyanyua alikuwa akitoa pumzi puani, sauti ndogo ambayo ndiyo iliyoniambia niruke, kuliko hata hesabu ya moja, mbili. Siku moja, tukiwa mbele ya wanafunzi wa shule fulani, nilisikia pumzi ile ikikatika katikati. Nilikuwa nimeshaondoka chini. Bega lake la kulia lilikuwa linamuuma kwa wiki tatu, na hakuniambia kwa sababu tulihitaji malipo ya onyesho lile. Nilivunjika kifundo cha mkono. Sikumchukia, lakini tangu siku hiyo nasema wazi kwamba jeraha la mmoja ni habari ya wote wawili, na anayelificha amemwamulia mwenzake bila kumuuliza. Basi binti amuulize kijana huyo, mbele ya kocha, aliumia lini mara ya mwisho na alimwambia nani. Awe pia na haki ya kusema “leo hapana” pasipo kutoa maelezo, kwa kijana na kwa kocha vilevile, maana mwili unaoshikwa kila siku kazini bado ni wake.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo ni kuzungumzia mwisho kabla ya kuanza. Mwenzangu alipopata kazi Kampala alinijulisha kwa ujumbe wa simu, siku kumi na mbili kabla ya onyesho. Nilibaki na nusu ya kila kitu, kwa sababu michezo yetu yote ilikuwa imejengwa juu ya mikono yake. Nilijaribu na mtu mwingine, nikajikuta nangoja pumzi ambayo yeye hakuwa nayo.

Wakubwa wa barafu wanayajua haya. Mwanamke aitwaye Aliona Savchenko, mzaliwa wa Ukraine, aliteleza kwa ajili ya Ujerumani pamoja na Robin Szolkowy, ambaye baba yake ni Mtanzania (habari iliyonifurahisha kupita kiasi, nakiri), wakawa mabingwa wa dunia mara tano na kupata shaba ya Olimpiki 2010 na 2014. Kisha Robin akastaafu. Savchenko akataka kuendelea. Alimpata Bruno Massot, Mfaransa, wakangoja muda mrefu kabla ya Ufaransa kumwachilia ateleze kwa ajili ya Ujerumani. Mwaka 2018 huko Pyeongchang walikuwa wa nne baada ya programu fupi, yaani onyesho la kwanza kati ya mawili, wakaimaliza ile ndefu na dhahabu, kwa tofauti isiyofika nusu alama. Wengi husimulia habari hiyo kama somo la uvumilivu. Mimi naona pia makaratasi: katika mashindano ya dunia inatosha mmoja awe raia wa nchi wanayoiwakilisha, lakini Olimpiki inawataka wote wawili, hivyo Massot alilazimika kwanza kupata uraia wa Ujerumani. Wazazi waulize hayo mapema, pamoja na nani atalipa safari na mavazi.

Tena binti asiache kuruka peke yake. Vanessa James alianza kama mtelezaji wa peke yake, akashinda ubingwa wa Uingereza 2006, kisha akaenda Olimpiki nne, kuanzia 2010 hadi 2022, akiwa na wenzi watatu, kwanza kwa Ufaransa na mwishowe kwa Kanada. Mwenzi anapoondoka, mruko wako unabaki nawe.

Juzi nimetumiwa video ya majaribio. Kijana anamtupa kwa mzunguko mmoja, binti anatua vibaya na kugusa barafu kwa kiganja, naye kijana tayari amegeuka kuutazama uso wa kocha. Mara ya pili anamfuata na kumpa mkono. Nimemwomba mdogo wangu anitumie ya siku ya tatu, wote wawili watakapokuwa wamechoka.