Kabla ya Kuandika "Protini Haipo", Tazama Seli za Jirani

Wadogo zangu mnaoanza kazi maabara ya patholojia, saratani ya mji wa mimba msiichanganye na ya mlango wa kizazi. Ni ugonjwa mwingine kabisa. Tangu mwaka 2013 inajulikana kuwa ina makundi manne kwa vinasaba, na mwaka 2023 FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, iliyaingiza mawili kati ya hayo katika upangaji wa hatua. Rangi mnayoisoma kwenye hadubini inaweza kumbadilishia mama hatua ya ugonjwa wake.

Kundi ninalotaka mlijue vizuri ni lile lililopoteza protini za kurekebisha makosa ya DNA: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Takriban robo ya uvimbe huu huangukia humo. Makosa yasiporekebishwa hurundikana, seli za saratani zinakuwa ngeni machoni pa kinga ya mwili, na chembe za kinga ziitwazo CD8 huzivamia kwa wingi. Ndiyo maana ugonjwa wa kundi hili, hata ukishasambaa, mara nyingi husikia dawa za kuamsha kinga kama pembrolizumab.

Mwaka wangu wa kwanza nilipokea slaidi ambayo MLH1 na PMS2 hazikuonekana kabisa. Nikafurahi, maana protini hizi mbili hutembea pamoja, na zikipotea pamoja picha inaeleweka. Nikaandika: zimepotea. Mkubwa wangu akasogeza slaidi kidogo, akanionyesha limfosaiti (seli za kinga) na seli za kawaida pembeni ya uvimbe. Nazo zilikuwa buluu tupu. Seli hizo hazina saratani. Viini vyake vilipaswa kuwa kahawia, alama kwamba protini ipo; kwa hiyo kasoro ilikuwa ya kipande chenyewe. Kizazi kile kilikuwa kimekaa siku mbili ndani ya ndoo bila kupasuliwa, na fomalini, dawa ya kuhifadhi vipande, hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa. Katikati palikuwa pameshaharibika. Tukapaka upya kipande cha biopsia kilichochukuliwa kabla ya upasuaji, na MLH1 ikawaka kahawia kwenye kila kiini.

Fikirieni ripoti yangu ingetoka vile. Mama angepangiwa dawa ya gharama kubwa isiyomfaa, na dada zake na binti zake wangeanza kuishi na hofu ya ugonjwa wa kurithi. Hata MLH1 inapopotea kweli, mara nyingi si urithi, ni jeni iliyozimwa ndani ya uvimbe wenyewe. Kipimo cha methilesheni, alama ya kemikali inayozima jeni, kitangulie maneno ya ukoo.

Kizazi kikifika, kipasueni siku hiyo hiyo. Na p53 (protini ya kuzuia saratani) ikiwa mbaya msiisome peke yake kama hukumu: uvimbe wenye mabadiliko ya POLE, jeni ya kimeng'enya cha kunakili DNA, unaweza kuwa na p53 mbaya na bado mgonjwa akaenda vizuri sana. POLE haionekani kwa rangi, inahitaji kusomwa kwa vinasaba, kwa hiyo kama haijapimwa, andikeni kwenye ripoti kwamba haijapimwa.