Kabla ya Kuuliza Mtakula Wapi, Ulizeni Mtakula Saa Ngapi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kasarani aliniandikia kwamba yeye na rafiki yake wamekuwa wakiweka akiba ili waende Mombasa na baadaye wavuke hadi Unguja, akaniomba orodha ya mahali pazuri pa kula. Orodha sikumpa. Nilimuuliza watasafiri mwezi gani, watashuka kituo cha treni cha Miritini saa ngapi, na mwenzake huamka saa ngapi, naye akadhani ninamkwepa. Ninaandika makala haya ili aelewe kwamba maswali hayo ndiyo ushauri wenyewe, nami niliupata kwa njaa.

Chakula kilichonivunja moyo safarini hakikuharibiwa na mahali tulipokila, bali na saa tuliyokifikia. Hapa Nairobi jambo hili tunalijua bila kufundishwa. Hakuna mtu anayetafuta mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa, saa mbili asubuhi, na anayeununua saa tano usiku, wakati muuzaji anazima makaa, anajua fika anachokinunua. Hata hivyo, tukishapanda treni ya Mombasa pale Syokimau tunaanza kuamini kwamba chakula chote cha pwani kimekaa kutungoja sisi kuanzia asubuhi hadi usiku.

Nilisafiri na rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye simtaji jina kwa kuwa husoma kila ninachoandika na kunipigia simu baadaye. Yeye ndiye aliyechagua treni ya saa tisa alasiri ili apate nafasi ya kwenda saluni asubuhi. Treni hiyo hufika usiku, na kituo cha Miritini kiko bara, mbali na kisiwa cha Mombasa, kwa hiyo tulipomaliza kutafuta usafiri, kufika mjini na kuweka mizigo, wauzaji wa viazi karai niliokuwa nimewaota tangu Nairobi walikuwa wanafunga. Tulilala kwa chai na mkate. Nilimwambia kwamba kesho tungeamka alfajiri tukale mahamri na mbaazi, naye akanijibu kwamba likizo ni kulala.

Akalala kweli. Tulitoka karibu adhuhuri, tukamkuta mama mmoja akiwa amebakiza mahamri machache chini ya kitambaa, akatutazama kwa huruma na kusema, "Wanangu, haya ni ya waliokwenda kazini." Tuliyanunua hivyo hivyo, na yalikuwa magumu kama soli ya akala. Rafiki yangu alilichovya moja katika chai akisubiri lilainike, akasahau, na alipolikumbuka lilikuwa limezama lote. Aliwapigia simu nyumbani akawaambia kwamba mahamri ya Mombasa yanasifiwa bure. Jambo hilo liliniuma, maana mahamri hayakuwa na hatia. Unga wake hukandwa kwa tui la nazi na iliki, huachwa uumuke, kisha hukaangwa mapema ili yaliwe yakiwa ya moto. Mbaazi za nazi nazo hazipendi kungoja, kwa sababu joto la pwani huliharibu tui upesi.

Unguja ndiko tulikoumbuka zaidi. Rafiki yangu alikuwa amepata chumba cha bei nafuu mno katika Mji Mkongwe, akajisifu njia nzima kwamba anajua kutafuta. Bei ilikuwa nafuu kwa sababu ulikuwa mwezi wa Ramadhani, ambapo migahawa mingi ya wenyeji hufungwa mchana na kula hadharani ni utovu wa adabu usiovumiliwa. Sina lawama kwa wenyeji, kwani ibada ni yao na mji ni wao. Lawama yangu ni kwa mtu anayesoma bei ya chumba bila kusoma kalenda. Siku ya kwanza tulishinda ndani tukila biskuti nyuma ya pazia. Mwangalizi wa nyumba alipobisha kuuliza kama tunahitaji taulo, rafiki yangu, akiwa amejaza mdomo, alimjibu kwa kutikisa kichwa, ilhali mlango ulikuwa umefungwa. Mzee wa watu aliendelea kubisha, nasi tukaendelea kutafuna polepole ili tusisikike.

Jioni tulikwenda bustani ya Forodhani, ambako chakula huuzwa usiku, mapema sana, moshi wa makaa ukitupiga usoni na harufu ya mishkaki ikitutesa. Rafiki yangu alimuuliza muuzaji kwa nini amewasha moto ikiwa hauzi, naye akamjibu kwa upole, "Subirini adhana, wageni wangu." Adhana ya Magharibi ilipolia, wenyeji wengi walikuwa makwao wakifuturu, na waliobaki mezani walikuwa wageni wenye njaa, yaani sisi. Rafiki yangu aliikimbilia meza ya kwanza na kununua pweza aliyechomwa zamani akapashwa moto tena, bila kuuliza bei. Huyu ndiye yule yule aliyekuwa amekataa tende njiani kwa kuogopa kutajiwa maelfu, hali shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa takriban 20 za Tanzania na hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Alimtafuna pweza yule hadi mashavu yakamchoka. Kisha akaagiza pizza ya Zanzibar akitarajia mkate wa jibini, akaletewa unga mwembamba uliokunjwa juu ya nyama ya kusaga na yai, akaususia. Niliula mimi, na ulikuwa mtamu.

Nilikataa kuondoka. Baada ya sala ya tarawehe familia zilianza kumiminika, na hapo ndipo biashara ilipochangamka kweli: miwa ikakamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu, na mishkaki ikatoka motoni moja kwa moja. Nilipata bakuli la urojo wa moto, wenye ukali wa ndimu, bajia, viazi na chatini, nikaunywa nikiwa nimesimama, huku rafiki yangu ameketi ukutani akishika tumbo na kuniambia kwamba chakula cha hapa hakimfai.

Tuliporejea Mombasa niliamka peke yangu kabla ya jua, nikafuata moshi wa karai hadi Mji wa Kale, nikala mahamri niliyokuwa nimeyafuata tangu Nairobi. Nilimchukulia mengine, akayala kitandani na kuyasifu. Sasa kila tukikutana na wenzetu yeye ndiye anayesimulia jinsi "tulivyogundua" mahali pale, na kila mara humsahau pweza. Sijalisamehe hilo kikamilifu.

Kwa hiyo, dada yangu wa Kasarani, kaeni na mwenzako kabla ya kukata tiketi mkubaliane saa za kuamka, kwa maana mtu anayelala hadi adhuhuri atakunyima nusu ya chakula cha pwani hata kama anakupenda. Pandeni treni ya asubuhi. Biriani itafuteni Ijumaa mchana baada ya swala, na viazi karai na muhogo wa kukaanga wa ufukwe wa Mama Ngina, Mombasa, viwe vya jioni. Mkienda Unguja wakati wa Ramadhani, nunueni vya daku mapema na mtoke usiku, msitoke magharibi. Watazameni wenyeji: wasipokuwepo mezani, nanyi msikae. Vijana wa siku hizi mnafuata picha za simu, lakini picha haikuonyeshi chakula kilipikwa lini.

Mwezi ujao tunakwenda Kisumu. Nimemweleza rafiki yangu kwamba samaki wa ufukwe wa Dunga anataka mtu wa asubuhi, boti zikiwa zinarudi, na kwamba basi la usiku lingetufikisha alfajiri. Jana amenitumia tiketi mbili za basi la saa nne asubuhi, litakalotufikisha jioni, na ujumbe kwamba tayari ameshalipa.