Maswali ya Wasomaji: Viti vya Gari la Zamani

SWALI: Mhariri, salamu. Ninalo gari aina ya Volkswagen Beetle la mwaka 1967 aliloniachia marehemu baba. Injini imekwisha kutengenezwa na inakwenda vizuri, lakini ndani hapatazamiki. Viti vya mbele vimechanika kwenye mishono, ukikalia unazama upande mmoja, vumbi la rangi ya kahawia linadondoka sakafuni, na kitambaa cha dari kinaning'inia hadi kugusa vichwa vya abiria. Fundi mmoja ameshauri kila kitu king'olewe na kutupwa, kisha viti viwekewe sponji nene na ngozi halisi, akisema kwamba thamani ya gari itapanda. Je, nimkubalie? Na kazi ianzie wapi?

JIBU: Mungu amlaze baba yako mahali pema. Ombi letu la kwanza ni kwamba usikubali kitu chochote kitupwe, hata kipande kilichochanika vibaya, mpaka kazi itakapokamilika, kwa sababu kifuniko cha zamani ndicho kipimo pekee cha uhakika ulichonacho cha kushonea kipya.

Vumbi unaloliona linaelekea kuwa la usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, au nywele za farasi, si la sponji. Viti vya magari mengi ya Kijerumani ya miaka hiyo vilijengwa kwa fremu ya chuma yenye springi, juu yake kitambaa kigumu mfano wa gunia, kisha pedi ya usumba au nywele za farasi iliyoshikanishwa kwa utomvu wa mpira, na kifuniko kikaja mwisho. Utomvu huo hukauka na kukatika kadiri miaka inavyopita, nyuzi zikaachana na kumwagika. Kuzama upande mmoja kwa kawaida ni dalili ya springi iliyovunjika au iliyochomoka kwenye fremu. Kasoro hizo mbili ziko chini ya kifuniko, na ngozi ya bei yoyote ile itakayowekwa juu yake italegea na kukunjamana muda si mrefu.

Mwambie fundi afungue kiti kimoja tu kwanza na kukiacha cha pili kikiwa kizima, ili kila anaposahau mshono ulipita wapi au waya uliingia upande gani awe na mfano wa kutazama. Kifuniko hushikwa kwenye fremu kwa vipete vya waya vinavyobanwa kwa koleo, au kwa meno ya chuma yaliyokunjwa. Vipete vikatwe, visivutwe, maana kuvuta huchana upindo. Fremu ikiwa wazi isuguliwe kutu na kupakwa rangi, springi iliyovunjika ibadilishwe, na kitambaa kigumu kirudishwe juu ya springi. Mafundi wengi huiruka tabaka hiyo kwa kuwa haionekani, na hapo ndipo springi huanza kuitafuna pedi kutoka chini.

Pedi za usumba zilizofinyangwa kwa umbo la viti vya Beetle bado zinatengenezwa, na sisi tunazipendelea kuliko sponji, kwani hupitisha hewa na kukirudishia kiti umbo lake. Ukilazimika kutumia sponji, elewa kwamba ugumu na uzito si kitu kimoja: sponji inaweza kuwa ngumu mkononi ilhali ni nyepesi, na nyepesi hubonyea mapema. Tafuta yenye uzito usiopungua kilo 40 kwa mita moja ya ujazo, na unene wake usizidi ule wa pedi ya awali, kwa sababu sponji nene humwinua dereva na kuivuta mishono mpaka ifumuke.

Kuhusu ngozi halisi, hatukubaliani na fundi wako. Kifuniko cha Beetle nyingi za 1967 kilikuwa ngozi bandia, na anayelithamini gari la namna hii hutafuta lilivyotoka kiwandani. Nunua ngozi bandia iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, si ya makochi, kwa kuwa ya magari hupimwa jinsi inavyoshika moto. Kanuni namba 302 ya usalama wa magari ya Marekani, kwa mfano, hairuhusu moto usambae kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Kabla ya kufumua kifuniko cha zamani, fundi achore alama za chaki zinazovuka kila mshono, kisha alinganishe kipande cha kulia na cha kushoto, kwani upande wa dereva huwa umetanuka zaidi. Uzi uwe wa poliesta, ambao hustahimili jua kuliko nailoni, na hatua za mshono ziwe za milimita 3 hadi 4. Zikiwa fupi kuliko hapo, sindano hutoboa mstari wa matundu ambao ni rahisi kuchanika.

Sasa jambo la hatari, ambalo tunakusihi ulishughulikie leo. Betri ya Beetle hukaa chini ya kiti cha nyuma. Springi za kiti zikilegea na abiria mzito akakaa, zinaweza kugusa vichwa vya betri, na usumba mkavu ukashika moto papo hapo. Hakikisha betri ina kifuniko chake kisichopitisha umeme, na usiruhusu mtu akae nyuma mpaka umekithibitisha.

Kazi ianze juu, iteremke chini: dari kwanza, kisha paneli za milango na zulia, na viti vifungwe mwisho. Kingo za kitambaa cha dari huingia chini ya mipira ya vioo, hivyo vioo sharti vitolewe. Vyuma vinavyokishikilia vipewe namba kabla ya kuchomolewa, kwa kuwa havilingani. Gundi iwe ile inayostahimili joto kali. Ya kawaida huachia gari likikaa juani.

SWALI: Viti vya gari langu la Jaguar Mark 2 ni vya ngozi halisi na vimeanza kupasuka. Nimeambiwa nivipake mafuta ya kupikia ili vilainike. Ni sahihi?

JIBU: Si sahihi. Mafuta ya kupikia huoza, hunasa vumbi na kudhoofisha uzi. Safisha kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni laini, acha vikauke kivulini, kisha paka kiasi kidogo cha krimu maalumu ya ngozi. Baada ya hapo, vuta ngozi taratibu karibu na mshono. Ikiwa matundu ya sindano yanachanika, kipande hicho kimekwisha na kibadilishwe. Ikishikilia, nyufa za juu zinaweza kuzibwa kwa kijazio kinachonyumbulika na kupakwa rangi upya, na rangi ya kulinganisha utaipata chini ya upindo, ambako jua halijawahi kufika.