Usifute Diski Kabla Upande wa Pili Haujahesabu

Mafaili kumi na moja. Niliyapoteza mimi mwenyewe, ingawa kwa miezi kadhaa niliulaumu umeme.

Tulikuwa tumetoka ziwani na rekodi za kipimasauti, kile chombo kinachosikiliza makundi ya sangara na dagaa chini ya maji. Gigabaiti 380 hivi. Seva ya wenzetu wa uchambuzi iko Ulaya, na laini ya ofisi yetu hapa Mwanza, siku ikiamka vizuri, inapeleka megabiti 20 kwa sekunde. Ukipiga hesabu ni saa 42 mfululizo. Mimi sikupiga. Nilianza kutuma jioni kwa laptopu yangu, mafaili manne kwa mpigo, nikateremka Kirumba kula sato.

Umeme ulikatika mara tatu kabla kazi haijaisha. Kila ukirudi nilikiwasha upya kijiprogramu nilichokiandika kwa papara, chenye kanuni moja: faili likishakuwepo upande wa pili, liruke, shika linalofuata. Kumbe faili lililokatikia njiani nalo lipo. Lina jina lake kamili, mwili nusu. Likarukwa. Siku ya nne kioo kikaandika kazi imekamilika, na nahodha alikuwa anaidai diski ile ya rekodi kwa safari ya Ukerewe, basi nikaifuta nikampa. Wiki mbili baadaye dada mmoja wa uchambuzi akaniandikia: "Kaka, kuna mafaili huku hayafunguki."

Nenda soko la samaki la Mwaloni asubuhi mitumbwi ya visiwani ikishusha dagaa. Gunia lililohesabiwa kule lilikopakiwa linahesabiwa tena hapa, na mtu mwingine kabisa. Hakuna anayemuuliza mwenye mtumbwi kama safari ilikuwa njema akaridhika na jibu.

Kwenye data, kuhesabu huko ni namba ya uhakiki. Programu inasoma faili zima na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu. Ikibadilika hata biti moja, mfuatano unakuwa mwingine kabisa. Mimi natumia aina iitwayo SHA-256. Orodha naitengeneza kwa amri ya sha256sum siku ileile data inapotoka kwenye chombo, kabla haijagusa diski ya pili, kwa sababu diski mbovu inaweza kukuharibia faili hata kabla hujatuma. Orodha inasafiri pamoja na mzigo. Ukifika, mwenzangu anaendesha sha256sum -c upande wake, na kila faili linajibu kama liko sawa au la. Anayehakiki ni yeye, kwenye diski yake. Mimi sina cha kumhakikishia.

Chombo cha kubebea ni rsync, programu ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras iliyotoka mwaka 1996. Kwa kawaida yake huandika faili kwa jina la muda, na hulipa jina lake halisi likishafika lote. Hilo peke yake lingeniokoa. Ila jihadhari na chaguo la --partial ambalo watu hushauriana kila siku: ukikatiza, linaacha kipande kikiwa kimevaa jina la faili zima, yaani kosa langu lilelile. Tumia --partial-dir, vipande vikae kwenye folda yao pembeni na kazi iendelee ilipoishia. Na --delete, inayofuta upande wa pili mafaili yasiyo kwenye chanzo, usiiguse hata kwa fimbo mpaka umeijaribu kwanza kwa -n, ambayo inakuonyesha kitakachofanyika bila kufanya lolote. Mkwaju (/) mmoja mwishoni mwa jina la folda ya chanzo unabadilisha mahali mzigo unapotua.

Kazi iendeshe kwenye seva ya huku kwako, ndani ya tmux (programu inayoiacha kazi iendelee hata ukijiondoa), si kwenye laptopu. Laptopu ukiifunika, kazi imekufa. Mchana ibane kasi kwa --bwlimit, la sivyo wenzako wa chumba cha pili watashindwa hata kufungua barua pepe na watajua ni nani.

Picha ndogondogo ni balaa la peke yake. Tuna picha 60,000 za mawe ya masikio ya samaki, yale yanayosomwa miaka kama shina la mti. Ujumbe kwenda Ulaya na kurudi kwa nyaya za baharini unachukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Programu inayosubiri jibu kwa kila picha itapoteza zaidi ya saa moja na nusu kwa kungoja tu, kabla hujahesabu muda wa picha zenyewe. Zifunge kwa tar, programu inayokusanya mafaili mengi kuwa faili moja, mafungu ya gigabaiti kumi kumi. Fungu likiharibika unatuma hilo tu.

Terabaiti nne kwa laini yetu ni siku 18. Hapo sijisumbui: diski mbili zenye nakala ileile, zimefungwa kwa LUKS (mfumo wa kuficha data ya diski kwa nywila), zinakwenda na watu wawili siku tofauti. Nywila inakwenda kwa simu, kamwe isiandikwe kwenye karatasi ndani ya begi.

Mahojiano ya wavuvi ni habari nyingine. Majina na namba za simu natoa kabla ya chochote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na mvuvi wa Ukerewe alizungumza na sisi, si na seva.

Siku hizi diski ya chombo inakaa kwenye droo yangu mpaka barua ya upande wa pili ije na mstari mmoja: yote sawa. Nahodha alinuna safari mbili. Ya tatu nikamnunulia diski nyingine.